Mrejesho wa Wiki ya Mbalamwezi

Nilirudi nyumbani Kalangalala siku ya Ijumaa nikiwa nimeungua jua mpaka puani, na hakuna mtu anayeungua jua mafungoni.

"Mama, mbona umekuwa mweusi hivyo?" Vumilia aliniuliza akinipokea mkoba.

"Tulikuwa tunasali nje, mwanangu. Kwenye turubai."

"Na viatu vyako viko wapi?"

Niliangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili za bluu, kubwa kuliko mguu wangu, na kamba ya kushoto imefungwa kwa waya. Zilikuwa za Bernadina, dada yake Bartholomeo.

"Vilikatika," nikasema.

Vumilia hakuuliza tena. Ana miaka ishirini na mmoja, anasomea uuguzi, na amejifunza kumtazama mgonjwa bila kumwambia anachokiona. Alinitazama hivyo, kisha akaenda kunibandikia maji ya kuoga. Mimi nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikashindwa hata kuipiga ishara ya msalaba. Mkono ulifika kwenye paji la uso, ukarudi mapajani.

Nilikuwa nimemwambia mwanangu kwamba nakwenda Shinyanga kwenye mafungo ya wajane, wiki nzima. Niliwaambia hivyo wanajumuiya wenzangu wa kanisani pia, na wakanichangia sabuni na mshumaa. Mshumaa ule niliuwasha ziwani, ndani ya boti.

Sikwenda huko kwa uhuni. Bartholomeo nilimfahamu miaka minne, kwenye mwalo wa Nkome, pale boti zinaposhushia samaki, mimi nikinunua dagaa wa kuuza soko la Geita, yeye akiwaleta kutoka visiwani kwa boti yake ya mbao iliyoandikwa *Wabeja Mayu*, asante mama. Ni mtu mzima mwenye mvi za pembeni, mjane kama mimi. Mwaka wa kwanza tulisalimiana tu. Wa pili akaanza kunichagulia magunia yasiyo na mchanga. Wa tatu nikaanza kuvaa kitenge kizuri siku za kwenda mwaloni, nikijidanganya kwamba ni kwa sababu ya upepo.

Kila mwezi, mbalamwezi inapokuwa kubwa, wavuvi wa dagaa hupumzika kama wiki moja, kwa sababu dagaa hawaifuati taa ya wavuvi wakati ziwa lote lina mwanga. Boti hukaa bure. Ndipo Bartholomeo akaniambia, "Mama Vumilia, wiki hiyo mimi na dada yangu Bernadina huwa tunazunguka visiwani, tunakula samaki na kulala. Twende. Utalala na dada kwenye chumba cha boti, mimi nalala nje kwenye mbao. Nataka unione nikiwa sina kazi, halafu unijibu."

Alikuwa ameshaniuliza kama nitakubali kuolewa naye. Alikuwa amengoja jibu tangu Pasaka.

Naandika haya bila kujificha: ile wiki nilikuwa na furaha. Asubuhi Bernadina alikuwa akipika uji kwenye jiko la mkaa, boti ikitikisika taratibu, na mimi sina gunia la kupepeta wala mteja wa kubishana naye. Tulipita mbali na kisiwa cha Rubondo tukauona msitu wake unavyoshuka mpaka majini. Tulitia nanga mahali ambapo maji yalikuwa kimya, tukala sato wa kuchoma kwa mikono. Jumapili Bartholomeo aliigeuza boti, mwendo wa saa nzima, ili nipate kusali kwenye kigango kimoja cha Izumacheli, akakaa upande wa wanaume na kofia yake mapajani. Nilipogeuka wakati wa kutakiana amani, alikuwa ananitazama. Nikasahau kumpa mkono bibi aliyekuwa pembeni yangu.

Na aliniita Apolonia. Tangu mume wangu Wiliam afe kwenye shimo la dhahabu Rwamgasa, miaka tisa sasa, hakuna aliyekuwa ameniita jina langu. Siku ya kwanza niligeuka nyuma kuangalia anamwita nani.

"Ni wewe," akasema akicheka. "Au kuna Apolonia mwingine humu?"

"Nimezoea Mama Vumilia."

"Mama Vumilia atakuwepo tukirudi nchi kavu. Hapa mwache Apolonia apumzike."

Hayo yaliisha Alhamisi, kisiwani Maisome. Boti haikuweza kufika ukingoni, tukashuka kwenye maji ya magotini. Mimi nilishika kitenge changu kwa mikono miwili, na Bartholomeo akanishikia viatu vyangu, vile vya ngozi vya kwendea kanisani, amevibeba kifuani ili visilowe. Tulikuwa tunacheka, sikumbuki kwa nini. Nikasikia sauti ya mwanamke ufukweni.

"Tumsifu Yesu Kristo! Mama Vumilia, huyo ni wewe au ni pacha wako?"

Alikuwa Rhoda, fundi cherehani, katibu wa jumuiya yetu. Alikuwa amekuja Maisome kumwona mtoto mchanga wa dada yake.

"Milele amina," nikajibu, na sauti yangu ikatoka kama ya mtoto.

"Si uko mafungoni, Shinyanga?"

"Ni... nimepitia huku. Mambo ya dagaa."

Rhoda akamtazama Bartholomeo kuanzia kofia mpaka magoti, kisha akavitazama viatu. "Na huyu baba ni nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Bartholomeo alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, bado ana kicheko usoni, anangoja nimtaje.

"Huyu? Ni mtu wa boti tu," nikasema. "Nimempa nauli anivushe."

Kicheko hakikumtoka mara moja. Kilibaki kidogo usoni kama mgeni asiyejua ameshafukuzwa. Kisha akainama, akaviweka viatu vyangu mchangani, kimoja kando ya kingine, akavuta kofia chini.

"Haya mama," akasema kwa sauti ya kumwambia abiria. "Safari njema."

Nikamfuata Rhoda peku mpaka kwa dada yake, nikanywa chai nisiyoisikia ladha. Viatu nilivisahau pale pale. Niliporudi, Bartholomeo alikuwa ameshavichukua, amekaa navyo karibu na injini. Njia nzima ya kurudi hakuniita Apolonia. Hakuniita chochote. Bernadina ndiye aliyenitupia kandambili zake bila kunitazama.

Tuliposhuka Nkome niliomba viatu vyangu.

"Nitakuletea mwenyewe," akasema. "Kwako. Mchana kweupe, mlangoni, ili baadaye asiulize mtu nilipita wapi."

"Bartholomeo, kesho Jumamosi jumuiya wanasali kwangu. Watu watakuwepo."

"Ndiyo hiyo siku naitaka." Alikuwa anafunga kamba ya boti, hanitazami. "Mimi siyo kijana, mama. Sina nguvu za kupendwa majini na kukanwa ufukweni. Nitakuja mara moja. Ukiniita mtu wa boti mbele yao, nitakabidhi viatu na kuondoka, na dagaa utanunua kwa mwingine."

*

Jumamosi asubuhi niliamka kabla ya adhana ya msikiti wa jirani. Nilifagia ua, nikapanga mabenchi, nikatandika kitambaa cheupe mezani, nikaweka msalaba na maua ya bati. Nilipoingia jikoni nilimkuta Vumilia anakata michembe iliyochemshwa, viazi vitamu vya kukaushwa, na pembeni yake, amefungwa mguu kwenye nguzo ya mlango, jogoo mkubwa mwekundu.

"Huyu katoka wapi?"

"Kwa baba mdogo Ngusa. Ametumwa kwa basi la Shinyanga juzi."

Ngusa ni mdogo wake marehemu. Ndiye aliyesimama siku ya kuondoa msiba na kusema mbele ya ukoo kwamba mimi ni mke wa ng'ombe zao, wale wa mahari waliyonitolea, na nikitaka mwanamume basi wapo wa ukoo. Nilimwambia sitaki mwanamume yeyote, na kwa miaka tisa akanisifu kwa neno hilo kila anapokaa na watu.

"Kwa nini atume jogoo?"

Vumilia hakuacha kukata. "Jumatano alikwenda kukusalimia huko mafungoni. Alibeba huyo jogoo na mchele. Akakuta geti limefungwa, mlinzi akamwambia wiki hiyo hakuna mafungo. Akanipigia simu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mmehamishiwa nyumba nyingine ya masista, mbali, na simu haziruhusiwi. Akaamini. Akasema, mwambie shemeji aniombee." Sasa akanitazama. "Mama, mimi sijui ulikuwa wapi. Ila sikutaka baba mdogo akuseme vibaya. Nimeungama kwa Mungu mwenyewe, bado kwa padri."

Nilitaka ardhi ipasuke. Uongo wangu nilikuwa nimeuzoea wiki nzima kama mtu anavyozoea kokoto ndani ya kiatu. Lakini kusikia mwanangu ameubeba, akaupamba na masista wa kubuni, huyu niliyemfundisha Amri za Mungu kwa kumhesabia vidole, kulinishinda. Nikasema tu, "Michembe itapoa."

Saa tatu wakaja. Akina mama kumi na wawili wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, wote kwa sare za kitenge cha kijani, na Mama Klara mbele. Mama Klara ni mwenyekiti wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya na moyo wa kulea yatima. Yeye ndiye aliyelala nami chini mkekani usiku arobaini nilipofiwa. Kumdanganya yeye lilikuwa ni jambo la kunitosha aibu ya maisha.

Rhoda aliingia wa mwisho. Akaniangalia puani palipobabuka, akaketi mkabala nami, akakunja mikono.

Tulisali rozari. Tulisoma Injili. Mama Klara alikuwa anafunga kitabu chake mbwa wa jirani alipobweka, na kwenye uwazi wa mlango wa ua nikakiona kivuli cha kofia.

"Hodi hapa."

"Karibu!" wakaitikia wote kwa pamoja, kama jumuiya inavyoitikia.

Bartholomeo alikuwa amenyoa. Amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya kukaa muda mrefu sandukuni, suruali ya kupiga pasi, na kifuani, kwa mikono miwili, amebeba viatu vyangu. Alikuwa amevipaka rangi. Viling'aa kuliko nilivyovinunua.

"Tumsifu Yesu Kristo, akina mama."

"Milele amina. Karibu, baba."

Macho yake yakanipata. Nilijua macho yale. Ndiyo yaliyokuwa yananitazama kigangoni, na yalikuwa yananiuliza kitu kimoja tu. Nilihisi miguu yangu inataka kusimama, na nikahisi pia macho ya wale akina mama kumi na wawili, na sauti ya Ngusa kichwani ikisema mke wa ng'ombe zetu.

"Mama Vumilia, una mgeni," Mama Klara akasema kwa upole. "Ni nani huyu baba?"

Rhoda akainamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza redio.

"Ni..." nikasema. "Ni huyu... mzee wa mizigo. Kuna vitu vyangu nilisahau."

Bartholomeo akatingisha kichwa polepole, mara moja. Akainama, akaviweka viatu kizingitini, kimoja kando ya kingine kama alivyofanya Maisome.

"Mzigo umefika, mama," akasema. "Mbaki na amani."

Akatoka. Nikasikia hatua zake kwenye kokoto za nje. Na jikoni, jogoo wa Ngusa akawika kwa nguvu.

"Huyo naye anataka kusikia mrejesho!" Mama Klara akasema, na wote wakacheka isipokuwa mimi na Rhoda. Mimi sikuthubutu kuutazama msalaba uliokuwa mezani. Kila Mkristo pale alijua jogoo aliwika lini, Petro alipomkana Bwana, ila zaidi ya Rhoda hakuna aliyejua amewika kwa ajili ya nani.

"Haya sasa," Mama Klara akaendelea. "Utaratibu wetu mnaujua. Aliyetumwa mafungoni anarudi na mrejesho. Mama Vumilia, simama utugawie. Padri aliwafundisha nini?"

"Ndiyo, atugawie," Rhoda akasema. "Ameungua na jua la Roho Mtakatifu, tunamwona."

Sikuweza kunyanyuka. Mtu mmoja akakohoa, na hapo Vumilia akatokea mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga wa maandazi.

"Shikamooni. Mama Klara, samahani," akasema haraka. "Mama amerudi anaumwa kichwa. Huko mafungoni walikuwa wanakesha, padri aliwafundisha kuhusu... kuhusu Mtakatifu Monika, na machozi yake, na..."

Alikuwa anadanganya mbele ya msalaba. Na bado alikuwa anaendelea, anatafuta mafundisho ya kunisetiri nayo.

"Nyamaza, mwanangu," nikasema. Nikasimama. "Nyamaza, usiongeze. Huo uongo ni wa kwangu."

Nikawageukia akina mama.

"Sikwenda mafungoni," nikasema. "Nilikuwa ziwani, ndani ya boti, wiki nzima ya mbalamwezi. Mshumaa mlionipa niliuwasha huko. Nimewadanganya ninyi, nimemdanganya shemeji yangu, na mwanangu huyu amedanganya kwa ajili yangu. Rhoda aliniona Maisome. Namshukuru hakusema, maana alinipa nafasi ya kusema mwenyewe, na mimi sikuitumia."

Rhoda alifungua mikono yake, akaitazama. "Nilitaka uitumie," akasema polepole. "Hiyo tu."

"Na yule baba?" Mama Klara akauliza. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka.

"Anaitwa Bartholomeo. Nililala na dada yake chumbani, yeye alilala nje kwenye mbao, Mungu anajua. Ameniomba nimkubali mbele ya kanisa. Mimi nimemkana mara mbili, mara ya pili mkisikia. Siyo mtu wa boti. Siyo wa mizigo. Nampenda. Nina miaka arobaini na mitatu na naona aibu kulitamka neno hilo, lakini aibu ya kutolitamka imenizidi."

Nilianza kulia, na kilio changu ni kibaya, cha kamasi. Mama mmoja akanong'ona, "Na marehemu Wiliam je?" Mwingine akamwambia, "Hebu." Mama Klara alinitazama. Niliona nimemuumiza, na kwamba jeraha hilo halitapona leo.

"Mimi ungeniambia," akasema. "Nililala na wewe mkekani, Apolonia. Mimi ungeniambia."

"Naomba unisamehe."

"Hilo tutalizungumza, mimi na wewe." Akanyoosha kidole mlangoni. "Sasa hivi mtu anaondoka na wewe unatulilia sisi?"

Nilitoka. Nikaviruka viatu kizingitini, nikarudi kuvichukua, nikavishika mkononi, nikakimbia peku barabarani, mwanamke mzima wa sare ya jumuiya, saa nne asubuhi, mafundi wa gereji wakiacha nati zao. "Mama, kuna mwizi?" mmoja akauliza.

Nilimkuta kwenye kona, anamwelekeza mtu wa bodaboda. Mguu mmoja ulikuwa tayari umepanda.

"Bartholomeo!"

Hakugeuka mara moja.

"Nimewaambia," nikasema, pumzi zimekatika. "Wote. Nimewatajia jina lako."

"Umewaambia nikiwa nimeshatoka."

"Ndiyo. Ni hivyo, sikusema ukiwepo. Sina la kujitetea." Nyuma yangu nilisikia kandambili nyingi zikija, na sauti ya Rhoda ikisema msisukumane. "Ila sasa upo, na wao wapo. Niulize tena."

Bartholomeo akawatazama akina mama wa kijani waliosimama mita kumi kutoka kwetu. Akamtazama Vumilia mwenye unga mikononi. Kisha akanitazama mimi, kuanzia machozi mpaka miguuni, kwenye vumbi.

"Sikuulizi tena," akasema. "Jumamosi ijayo nitakuja na dada Bernadina. Atakuuliza yeye, kama inavyotakiwa. Na shemeji yako wa Shinyanga awepo, nimsikie akikataa kwa mdomo wake, nimjibu."

"Ngusa atakataa."

"Akatae nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nimechoka kukataliwa nikiwa nimesimama." Akashusha mguu kutoka kwenye pikipiki. Hakutabasamu, na sikustahili tabasamu. "Sasa vaa viatu, Apolonia. Njia ina kokoto."

Jina langu, nchi kavu, mchana kweupe. Nikasikia Mama Klara nyuma yangu akisema "Mh," kwa sauti ya chini.

"Nishike mkono nivae," nikamwambia. "Nitaanguka."

Akasita. Aliwaangalia tena wale akina mama, kama anayeniachia muda wa kubadili neno langu. Sikulibadili. Akanyoosha mkono, nikaushika mbele yao wote, nikanyanyua mguu wa kwanza kuufuta vumbi.